Yoga ya Watoto na Maswali Yake

Popote unapotusikiliza, iwe ni Ruiru mjini, Kihunguro, Gatongora, Juja au kule Thika, punguza moto wa jiko kidogo, uketi karibu na redio. Leo tunazungumzia yoga ya watoto, na hasa maneno ambayo mwalimu humwambia mtoto akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Nimechagua mada hii kwa sababu akina mama wananiuliza. Kuna shule na vilabu vya wikendi ambavyo vimeongeza yoga katika michezo ya watoto. Mtoto anarudi nyumbani, anasimama katikati ya sebule na kusema yeye ni mti. Mama anacheka tu, hapo hakuna neno. Lakini baadaye, wakila chakula cha jioni, mtoto anasema: "Mama, mwalimu ametuuliza kama mtu anaweza kumwumiza mwenzake bila kumgusa." Sasa mama anaweka kijiko chini. Je, haya ni mazoezi ya viungo au ni mafundisho ya dini? Na mbona mtoto wa miaka minane anaulizwa mambo kama hayo?

Tuanze na yoga yenyewe. Neno hili ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ni kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Kitabu ambacho walimu wake hukitaja sana kinaitwa Yoga Sutra, nacho kinahusishwa na mwalimu aitwaye Patanjali, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Humo yoga ina sehemu nane. Ile mikao ya mwili tunayoiona kwenye picha ni sehemu moja tu, tena ya tatu. Sehemu ya kwanza ni mambo matano kuhusu kuishi na watu: usidhuru, sema kweli, usiibe, tawala tamaa za mwili, usiwe mchoyo. Ya pili ni mambo matano ya mtu na nafsi yake: usafi, kuridhika, bidii, kujichunguza, na kujikabidhi kwa Mungu. Baada ya hayo ndipo mtu huambiwa anyooshe mgongo.

Kwa hiyo mwalimu anayewauliza watoto kuhusu ukweli au kuhusu kudhuru hajaingiza kitu kisichokuwamo. Amerudi kwenye mwanzo wa jambo lenyewe. Hii ndiyo tunayoiita falsafa ya yoga: kufikiri jinsi ya kuishi.

Hapa Kenya, yoga ilikuwa kwa muda mrefu mambo ya familia zenye asili ya Kihindi na ya watu wenye uwezo wa kulipia kumbi za mazoezi. Mwaka 2007 mambo yalianza kubadilika, pale Paige Elenson kutoka Marekani alipoanzisha Africa Yoga Project jijini Nairobi. Vijana wa mitaa ya mabanda walifunzwa kuwa walimu, na wengine wao walikuwa tayari wanasarakasi. Walipeleka madarasa ya bure mashuleni, katika vituo vya watoto na hata gerezani. Kisha mwezi wa Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ukatenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Ndiyo maana usishangae ukiona mikeka imetandazwa uwanjani siku hiyo.

Lakini falsafa nayo? Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria mzee wa Kizungu mwenye ndevu. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, hakukubali hivyo. Yeye na wenzake walizunguka vijijini wakizungumza na wazee, wengi wao wasiosoma sana, ili kuonyesha kwamba wapo wenye falsafa miongoni mwao. Na alitofautisha wazee wa aina mbili. Yuko mzee anayejua methali na desturi zote za kabila lake, ukimwuliza anakueleza ilivyo. Halafu yuko yule ambaye, baada ya kukueleza ilivyo, anaongeza kama ni sawa iwe hivyo, na kwa nini. Huyu wa pili ndiye Odera Oruka alimwita mwanafalsafa hasa.

Tofauti hiyo, mama, ishike vizuri, maana ndiyo itakusaidia kupima darasa la mtoto wako. Mtoto anaweza kuimba "usiibe, usidanganye, usipige" kutoka chekechea hadi Gredi ya 6, na bado akaficha kalamu ya jirani yake chini ya dawati. Anajua ilivyo. Hajawahi kuulizwa kwa nini. Mtaala wetu wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unataja maadili kama vile upendo, heshima, uwajibikaji, amani na uadilifu. Ni maneno mazuri, yamebandikwa kwenye kuta za shule nyingi. Kwenye ukuta hayaumi wala hayaponyi.

Niliwahi kuwauliza watoto wa ploti tunayoishi: ukiokota penseli uwanjani na usimtafute mwenyewe, umeiba? Mmoja wa miaka saba akasema kama ni penseli fupi, huo si wizi. Mwenzake akamwuliza, "Fupi kiasi gani?" Wakabishana karibu robo saa, wakapima kwa vidole, na hakuna aliyepigwa. Mimi sikutoa jibu. Nilipokutana na wa kwanza wiki iliyofuata, bado alikuwa na hoja mpya kuhusu kifutio.

Huko Marekani, mwanafalsafa Matthew Lipman alianza miaka ya 1970 kuwafundisha watoto wa shule kwa njia kama hiyo: wanaketi kwa duara, wanasoma hadithi, halafu wao wenyewe wanauliza na kujibizana kwa sababu. Sisi wa huku tuna mlango wetu. Bibi zetu walikuwa wakitega vitendawili jioni, "gwata ndaĩ", na mtoto akalazimika kufikiri kabla ya kulala.

Sasa utaniuliza, kama ni maswali tu, mikao ya yoga ni ya nini? Hapa ndipo nesi anapata la kusema.

Mtoto aliyetoka kugombana, au aliyekalishwa darasani tangu asubuhi, hawezi kufikiri vizuri. Mwili wake uko tayari kwa vita: moyo unaenda mbio, misuli imekaza, pumzi ni fupi. Anapopumua polepole, hasa anapotoa pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, kuna mshipa wa fahamu mkubwa kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni ambao hupeleka ujumbe wa kutuliza moyo. Mapigo yanapungua. Misuli inalegea. Baada ya dakika chache mtoto yuleyule anaweza kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho wa sentensi. Ndiyo maana mwalimu mzuri hutanguliza mwili, kisha swali. Akitanguliza swali anapata kelele.

Watoto wetu wa Ruiru wanahitaji mwili huo usogee. Tazama orofa zinavyoota kila upande, kutoka barabara kuu hadi kule mashamba ya kahawa yalikokuwa. Mtoto anacheza kwenye kibaraza chenye vyuma, akiruka jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kusogeza mwili kila siku, za kumfanya ahemehe. Yoga peke yake haitoshi kwa hilo, na mtoto bado anahitaji kukimbia, kuruka kamba na kupiga mpira. Yoga humpa usawa, unyumbukaji na utulivu. Tafiti zilizofanywa kwa watoto zinaonyesha inaweza kuwapunguzia wasiwasi baadhi yao, lakini nyingi ni ndogo, kwa hiyo ukimsikia mtu anasema yoga inaponya kifafa au pumu, shika pochi yako.

Naomba sasa nizungumzie hatari, na hapa nitachukua muda. Falsafa ikiingizwa vibaya inaweza kumdhuru mtoto kuliko kuanguka kwenye mkeka.

Ya kwanza ni lile fundisho la kuridhika. Kwa mtu mzima mwenye gari mbili anayetamani la tatu, ni fundisho jema. Lakini mtoto aliyekuja shuleni bila kunywa chai, ukamwambia afumbe macho aridhike na alichonacho, umemfundisha nini? Umemfundisha kunyamaza njaa. Mtoto huyo anahitaji uji. Kuridhika kutazungumzwa baada ya uji, na kwa swali, si kwa amri: ni kipi unacho ambacho hungetaka kukipoteza? Na kipi huna ambacho kila mtoto angestahili kuwa nacho? Maswali haya mawili yaende pamoja. Moja likiachwa, tunalea watu wasiojua kudai haki yao.

Ya pili ni usidhuru. Ni fundisho la kwanza katika orodha na ndilo walimu hulipenda zaidi. Mtoto hufundishwa kutopiga, kutotukana, kutomtenga mwenzake. Vema. Ila yupo mtoto ambaye yeye ndiye anayedhuriwa, labda na mkubwa wake shuleni, labda na mtu wa nyumbani. Akisikia kila siku "kuwa mpole, samehe, vuta pumzi", ataelewa kwamba kosa ni la hasira yake. Mwalimu anayejua kazi yake huwaambia watoto waziwazi kwamba usidhuru inamhusu na yeye mwenyewe: mwili wako nao usidhuriwe. Una ruhusa ya kusema hapana, hata kwa mtu mzima. Una ruhusa ya kupiga kelele.

Na fundisho la kusema kweli linaingia hapohapo. Waulize watoto: kuna siri nzuri na siri mbaya? Siri ya zawadi ya kuzaliwa ya mama inaisha kwa furaha. Siri ambayo mtu mkubwa amekuambia usimwambie yeyote, nayo inakuumiza tumbo, hiyo ni ya aina gani? Mtoto aliyewahi kufikiria jambo hili akiwa ametulia kwenye mkeka ana maneno ya kulisema siku likimpata. Akikuambia, mama, usimpige, usimwite mwongo, wala usikimbilie kwa mshukiwa kwanza. Msikilize, mpeleke hospitalini mapema, ndani ya saa 72 kama kuna dhuluma ya kimwili, na usimwogeshe wala kufua nguo zake kabla ya hapo. Simu ya bure ya watoto ni 116, mchana na usiku. Ikiwa saa hizo zimepita, bado mlete. Kuna matibabu na msaada ambao bado atapata.

Ya tatu inahusu adhabu. Watoto wetu wanajua kushikilia mkao kwa muda mrefu tangu zamani: kupiga magoti mbele ya darasa, kuinua mikono, kuruka chura. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu za viboko na mateso ya akili shuleni. Mwalimu anayemwambia mtoto mtundu "simama mti hapo mpaka nikuruhusu" ameibadilisha yoga kuwa kupiga magoti kwa jina jipya. Mtoto ataichukia, na maswali yote yanayofuata atayachukia pia. Hata sisi nyumbani tusimwambie mtoto "nenda ukavute pumzi" kwa sauti ile tunayotumia kusema "nenda ukalale".

Haya basi, swali la dini. Sitaki kumdanganya mzazi. Yoga ilizaliwa India, katika mazingira ya dini za huko, na umesikia kwamba orodha yenyewe ina kujikabidhi kwa Mungu. Anayesema haina uhusiano wowote na dini hajasoma. Lakini kunyoosha mguu hakumfanyi mtu Mhindu, na kutoiba kumo katika Biblia na Kurani vilevile. Wazazi wa kwingineko wamebishana kuhusu hili kabla yetu. Jimbo la Alabama, Marekani, lilipiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993, likailegeza sheria hiyo mwaka 2021 lakini likaendelea kukataza nyimbo za kisala na ile salamu ya namaste. Huko Encinitas, California, wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba masomo ya yoga jinsi yalivyofundishwa katika shule zile hayakuwa ibada. Zingatia maneno hayo: jinsi yalivyofundishwa. Kila darasa lina mambo yake.

Kwa hiyo nenda ukaone. Omba kuketi nyuma kipindi kimoja. Sikiliza kama kuna kuimba kwa lugha usiyoijua, na uulize maana yake. Mwalimu mkweli atakuambia. Kama dhamiri yako haikubali sehemu fulani, sema kwa upole mtoto wako aiache, na ashiriki iliyobaki. Na sikiliza maswali. Je, mwalimu anauliza kweli, au anauliza huku jibu analo mfukoni akisubiri kuwapongeza waliolibahatisha? Mtoto akitoa jibu la ajabu anachekwa, au anaulizwa "kwa nini unafikiri hivyo?" Mimi darasa ambalo watoto wote wanakubaliana na mwalimu hulitilia shaka.

Ukiwa hapo, angalia na usalama. Watoto wadogo wasisimame kwa kichwa wala kutuliza uzito shingoni. Wasizuie pumzi kwa muda, wala kupumua harakaharaka mpaka wapate kizunguzungu. Mtoto mwenye pumu awe na dawa yake karibu, mwenye ugonjwa wa selimundu anywe maji na asichoshwe, mwenye kifafa mwalimu ajulishwe. Mwalimu asimguse mtoto kumrekebisha bila kumwuliza, na mlango uwe wazi. Mwalimu anayekataa wazazi wasiingie, mtoe mtoto wako.

Wengine mtasema, nesi, sisi hatuna pesa za darasa la wikendi. Huhitaji. Unahitaji leso au blanketi kuukuu, na dakika 15 kabla ya kulala. Ukirudi kutoka Nairobi usiku kwa sababu ya msongamano wa Thika Road, mfundishe anti anayekulelea watoto, au bibi yao.

Anzeni na uji. Mtoto ashike kikombe cha kuwaziwa kwa mikono miwili. Avute harufu ya uji kwa pua, polepole, halafu aupoze kwa kupuliza mrefu, taratibu, usimwagike. Mara tano. Kisha mikao mitatu inatosha: mti, kwa kila mguu, paka, akiwa amepiga magoti na kushika sakafu kwa viganja, anainua mgongo na kuushusha, halafu anakunjika mbele kama mtoto mchanga aliyelala kifudifudi, paji la uso likigusa leso. Akichoka, aache. Zima televisheni, tafadhali. Na simu yako iweke kifudifudi pia.

Baada ya hapo, swali moja. Lisiwe mawili. Kwa wa miaka mitatu hadi mitano, litoke kwenye mkao: mti unaweza kuhisi uchungu ukikatwa? Paka akimla panya, ni mbaya? Kwa wa miaka sita hadi tisa, haki na ugomvi ndiyo mambo yao: mkubwa apate nyama kubwa kwa sababu ni mkubwa? Ukivunja ahadi kwa sababu ya mvua, umedanganya? Wa miaka kumi kwenda juu muulize yale hata wewe yanakusumbua: je, ni sawa kusema uongo ili kumlinda rafiki? Mtu akikukosea asiombe radhi, unamsamehe vipi?

Kisha unyamaze. Hii ndiyo sehemu ngumu kwetu akina mama, tumezoea kujibu haraka ili watu walale. Hesabu mpaka kumi moyoni. Akisema "sijui", mwambie nawe unafikiria. Akikuuliza unaonaje, mwambie ukweli wako na sababu yake, na akikupinga kwa heshima usione kama amekosa adabu. Kuna usiku atalala kabla hujamaliza swali. Mfunike.

Jambo la mwisho, la kliniki. Mazoezi haya na maswali haya si matibabu. Mtoto ambaye kwa wiki mbili na zaidi halali, hali, amejitenga na wenzake, ameanza kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, au anazungumza kuhusu kufa, usimwachie mwalimu wa yoga. Mlete katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani kwenu akuandikie rufaa. Akisema anataka kujidhuru, usingoje hizo wiki mbili, njoo siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Kipindi kijacho tutazungumzia minyoo na wakati wa kumpa mtoto dawa yake, basi uwe na kadi ya kliniki karibu.